Barakoa ipi kwa vumbi la karasha?

Msomaji wa Nyarugusu, mkoani Geita, mwenye karasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mtaalamu. Nina karasha mbili na vijana wanane, pamoja na akina mama wanne wanaoponda mawe kwa nyundo na kuchekecha. Aliyekuja kukagua aliniambia ninunue barakoa za vumbi. Mjini Geita nimeonyeshwa aina nne: zile za bluu za hospitali, KN95 za kuning'iniza masikioni, nyeupe ngumu zilizoandikwa N95, na FFP2 zenye kidude cha plastiki kwa mbele, ambazo bei yake ni zaidi ya mara mbili ya nyingine. Ipi inafaa? Zinaweza kufuliwa zikatumika wiki nzima? Kijana mmoja anafuga ndevu na hataki kunyoa. Mwingine anakohoa tangu mwezi uliopita, nataka yeye awe wa kwanza kupata barakoa."

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na huyo wa mwisho, maana ndiye aliyenishtua. Huyo kijana hahitaji barakoa kwanza, anahitaji kupimwa. Kikohozi cha wiki mbili tu kinatosha kumpeleka mtu akapime makohozi, na yeye ana mwezi mzima. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Akifika amweleze daktari waziwazi kwamba anafanya kazi ya karasha na ameifanya kwa muda gani, kwa sababu mapafu yaliyoumizwa na vumbi la mawe hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mapafu mengine. Mpeleke kesho. Na siku atakazokaa nyumbani akisubiri majibu usimkate posho. Ukimkata yeye, wenzake wote watajifunza kukuficha vikohozi vyao.

Sasa tuje kwenye vumbi lenyewe. Lile jiwe jeupe lenye mishipa ya dhahabu, wanajiolojia huliita kwatsi, ni silika karibu tupu. Likiwa jiwe halina neno, unaweza kulikalia siku nzima. Likishakuwa unga ndipo linapogeuka adui. Chembe zinazoumiza ni zile zenye upana wa kama mikromita 4 kushuka chini, wakati unywele wa kichwa chako una unene wa mikromita 70 hivi. Chembe hizo pua haizikamati wala koo haliziwezi. Zinateremka mpaka kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya hewa na kukaa humo. Mwili unajaribu kuzimeza, unashindwa, unaacha kovu. Kovu juu ya kovu, mpaka pafu linakakamaa kama ngozi iliyoanikwa juani. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Isitoshe, tangu 1997 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeihesabu silika hii katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa vinaleta saratani kwa binadamu.

Tatizo ni kwamba vumbi baya ndilo lisiloonekana. Siku moja nilisimama ndani ya banda la karasha asubuhi, mashine zimezimwa kama nusu saa, na jua likapenya kwenye tundu la msumari juu ya bati. Mwale ule ulikuwa mweupe kama fimbo ya chaki, kuanzia paa mpaka sakafuni. Hatua moja pembeni yake hewa ilionekana safi kabisa, na vijana walikuwa wameketi hapohapo, wameshusha vitambaa vyao shingoni, wanakunywa chai. Waliamini vumbi limetulia. Lile zito, la kung'ata machoni, kweli lilikuwa limetulia. Lakini chembe ya jiwe yenye upana wa mikromita 1 ikiachiwa kwenye usawa wa pua huchukua zaidi ya saa nne kufika chini, tena hapo hewa iwe imetulia tuli. Ukitaka kujionea, fanya hivi: giza likishaingia, washa tochi kali ndani ya banda, kisha simama upande wa pili uutazame mwanga kwa pembeni, usiitazame tochi yenyewe. Waite na vijana waone. Nimetoa mihadhara mingi kuhusu silika na hakuna uliofanya kazi kama tochi.

Ukishaona hivyo, twende kwenye hesabu, maana barakoa ni hesabu ya kugawanya. Kila aina, ikivaliwa sawasawa, hugawa vumbi unalovuta kwa namba fulani. Uingereza wanaihesabia FFP1 namba 4, FFP2 namba 10 na FFP3 namba 20. Marekani barakoa zote za kuvaa na kutupa wanazihesabia 10, hata iwe ya bei gani. Hakuna anayeihesabia mia. Kwa hiyo swali la kwanza si barakoa ipi, ni vumbi kiasi gani unalitaka ligawanywe.

Namba zipo. Sheria ya Marekani ya 2016 inaruhusu miligramu 0.05 za silika ya kuvutwa katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa nane. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliopima hewa kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu hapa Tanzania. Kwa waliokuwa wakichoronga chini ya ardhi wastani ulikuwa miligramu 16.85, yaani mara 337 ya hiyo 0.05. Kwa kazi za juu ya ardhi wastani ulikuwa 0.19, kama mara nne. Sasa gawanya mwenyewe. Ile 0.19 ukiigawa kwa 10 unapata 0.019, umeshuka chini ya kikomo, mtu anaweza kufanya kazi. Ile 16.85 ukiigawa kwa 10 bado una 1.685, zaidi ya mara 33 ya kinachoruhusiwa. Hata ukimvisha FFP3 ukagawa kwa 20, bado ni mara 16 na ushei. Kwa hiyo kumpa mchorongaji wa duarani, yaani ndani ya shimo la mgodi, barakoa ya kutupa na kusema umemkinga ni kumdanganya, hata kama umeinunua kwa nia njema.

Karasha yako iko wapi kati ya namba hizo mbili? Ile 0.19 ni wastani wa kazi mbalimbali za juu. Banda lililozibwa pande tatu, linalosaga kavu, na mtu ameinama mdomoni mwa karasha akichota unga kwa koleo, silihesabii kuwa sawa na mahali pa wazi. Ndiyo maana nakuomba pesa ya kwanza usiipeleke dukani kwa barakoa. Ipeleke kwenye maji.

Kaskazini mwa Nigeria, jimbo la Zamfara, watu walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu makavu, wengine kwa mashine zilezile za kusaga nafaka, karibu na nyumba zao. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi, ile metali ya risasi. Mwaka 2010 zaidi ya watoto 400 walifariki kwa sumu ya risasi, na wengi wao hawakuwahi kugusa jiwe. Vumbi liliwafuata nyumbani. Baadaye, mashine za kusagia zilipofungiwa vinyunyizio vya ukungu wa maji, silika hewani ilishuka kwa takriban asilimia 80. Asilimia 80 maana yake maji yamegawa vumbi kwa tano. Na hapa ndipo uzuri ulipo: maji yakigawa kwa tano na barakoa ikagawa kwa kumi, haviongezeki kuwa kumi na tano, vinazidishana kuwa hamsini. Barakoa ileile, bei ileile, lakini sasa inafanya kazi mahali inapoweza kushinda.

Kwa hiyo: akina mama waloweshe mawe kabla ya kuyaponda, na ndoo ya maji iwe pembeni kila mmoja. Mdomo wa karasha uwekewe mrija wenye tundu dogo la kutoa ukungu, si bomba la kumwaga. Kama unaweza kusaga na maji ndani, saga na maji. Toa mabati ya ukuta angalau pande mbili ili upepo upite, na watu wasimame upande unakotoka upepo. Usifagie sakafu kavu, na usiruhusu mtu ajipulize nguo kwa kompresa, huo ni uadui kwa mapafu yake na ya jirani yake. Nguo za kazi zibaki kazini. Kumbuka Zamfara.

Baada ya hayo ndipo tuingie dukani.

Ile ya bluu ya hospitali iache. Ilitengenezwa kuzuia mate ya daktari yasimwangukie mgonjwa, na matone ya mgonjwa yasimrukie daktari. Pembeni ina mianya ambayo kidole kinapita. Hewa, kama maji, hufuata njia rahisi, na njia rahisi ni kwenye mianya hiyo. Kitambaa na leso hata sivijadili.

KN95 ni daraja la China. Kichujio chake kinatakiwa kukamata asilimia 95, sawa na N95, na kikiwa halisi kinakamata kweli. Toleo la kiwango linalotumika sasa ni GB 2626-2019, lililochukua nafasi ya lile la 2006 tangu Julai 2021. Ukiona boksi limeandikwa 2006 tu, hilo ni la zamani. Ugomvi wangu na hizo ni kamba za masikioni. Masikio hayana nguvu ya kuvuta barakoa ikagandamana na uso wa mtu anayeinama, anayenyanyua viroba na kutoka jasho. Baada ya saa moja inacheza. Kwa mhudumu wa dukani sawa. Kwa karasha hapana.

Zinabaki N95 na FFP, na hapa ujue kusoma maandishi, kwa sababu za bandia ni nyingi sokoni. N95 ya kweli imeidhinishwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini. Juu ya barakoa yenyewe, si kwenye boksi tu, kunatakiwa kuwe na neno NIOSH lililoandikwa bila kukosewa herufi, jina la kiwanda, N95, na namba inayoanza na TC-84A. Herufi N maana yake haihimili mafuta hewani. Kwa vumbi la mawe hilo halina shida. Kamba ziwe mbili, za kuzunguka kichwa. N95 yenye kamba za masikioni ni dalili kubwa ya bandia, vilevile inayojitangaza kuwa ni ya watoto, kwa kuwa NIOSH haijaidhinisha za watoto. Kama hiyo nyeupe ngumu uliyoonyeshwa haina namba ya TC, muuzaji amekuuzia herufi moja na tarakimu mbili.

FFP ni daraja la Ulaya. Tafuta EN 149:2001+A1:2009, alama ya CE ikifuatwa na tarakimu nne za taasisi iliyokagua, kisha FFP1, FFP2 au FFP3. Kichujio cha FFP1 kinakamata angalau asilimia 80, FFP2 asilimia 94, FFP3 asilimia 99. Baada ya hapo kuna herufi ndogo ambazo wauzaji wengi hawazielewi. NR maana yake zamu moja tu, kisha inatupwa; R maana yake imetengenezwa iweze kusafishwa kwa maelekezo ya kiwanda. Na D, ambayo kwako wewe ni ya thamani kubwa, maana yake barakoa ilijaribiwa kwa kupulizwa vumbi la mawe ya dolomiti kwa wingi ili kuona kama itaziba mapema. Inayoandikwa "FFP2 NR D" ilithibitishwa kwa vumbi la aina ya kazi yako. Isiyo na D inaweza kuchuja vizuri lakini ikamchosha mtu kupumua kabla ya mchana, na aliyechoka atavua.

Hicho kidude cha plastiki ni vali. Inafunguka unapotoa pumzi na kujifunga unapovuta, kwa hiyo joto na unyevu vinatoka. Haipunguzi kinga yako dhidi ya vumbi, na kwa hali ya hewa ya banda la bati naipenda sana, kwa sababu mtu anayeona raha kidogo anaivaa muda mrefu zaidi. Ila kumbuka pumzi inayotoka haichujwi. Kijana mwenye kikohozi akivaa ya vali anajikinga yeye tu, wenzake hapana.

Kwa hiyo ukiniuliza ungenunua nini kwa pesa yako, ningenunua FFP3 yenye vali na herufi D kwa wale wanaofungua karasha na kuchota unga, na FFP2 yenye D au N95 halisi kwa wanaoponda mawe yaliyoloweshwa na wanaobeba viroba. Na kwa waendesha karasha wawili au watatu wa kudumu ningeanza kukusanya pesa ninunue barakoa za mpira za nusu uso, zile zinazobadilishwa vichujio vya vumbi vya daraja la juu, P3 au P100. Mpira unaoshwa kwa sabuni kila jioni, kichujio kinabaki mpaka kizibe. Mwanzoni bei inauma. Lakini piga hesabu ya barakoa moja kwa mtu mmoja kila siku, siku ishirini na tano za mwezi, utaona mwenyewe ni mwezi gani ile ya mpira inakuwa rahisi.

Hata hivyo, tofauti ya asilimia 95 na 99 inayowafanya watu wabishane dukani ni ndogo kuliko mwanya mmoja kando ya pua. Chukulia hewa moja katika kila kumi inapita kwenye mwanya bila kuchujwa. Ukivaa ya asilimia 95, vumbi linaloingia ni asilimia 14.5. Ukivaa ya asilimia 99, linaloingia ni 10.9. Umelipa mara mbili na karibu hujapata kitu. Ziba mwanya ule ubaki hewa moja kwa mia, namba zinakuwa 6 na 2. Hapo ndipo pesa yako inaonekana.

Kwa hiyo fundisha kuvaa, na ufundishe kwa mkono. Kamba ya chini ipite shingoni chini ya masikio, ya juu ikae kwenye utosi, zisipishane. Kile chuma cha pua kikandamizwe kwa vidole vya mikono miwili, kuanzia katikati kwenda pembeni. Wengi hukibana kwa vidole viwili vya mkono mmoja na kuacha ncha kali katikati, na pembeni yake vichochoro viwili vya vumbi. Kisha afunike barakoa yote kwa viganja na kutoa pumzi kwa nguvu: akihisi upepo machoni au mashavuni, inavuja. Avute pumzi kwa ghafla: inatakiwa inywee kidogo kuelekea usoni. Ile ya vali jaribu kwa kuvuta tu. Hili lifanyike kila inapovaliwa, si siku ya kwanza pekee.

Kuna kipimo rasmi ambacho mtu huvishwa kofia kubwa ya plastiki, akapuliziwa humo dawa chungu au tamu huku akipumua, akizungumza na kugeuza shingo; akiisikia ladha, barakoa hiyo haimfai uso wake. Ukipata mtaalamu wa kukufanyia, fanya. Kama bado hujampata, weka kioo ukutani. Mwisho wa zamu kila mmoja avue mbele ya kioo kabla hajanawa. Uso unatakiwa uwe na mstari safi unaofuata ukingo wa barakoa, ndani pasafi, nje peupe. Ukiona mchirizi wa unga umepanda kando ya pua au umeingia kwenye kona ya mdomo, hapo ndipo vumbi lilipopitia siku nzima. Mara nyingi dawa yake ni kubadilisha umbo la barakoa, si daraja.

Nyuso hazifanani. Wengi wa akina mama watakuta saizi ya kawaida inapwaya kidevuni. Uliza saizi ndogo au zile zinazokunjwa mara tatu, ambazo hufuata uso vizuri zaidi. Anayevaa ushungi avae barakoa kwanza, kamba zikae juu ya nywele, ushungi uje juu yake. Kitambaa chochote kikiingia kati ya ukingo na ngozi, huo ni mwanya.

Na ndevu je? Ndevu zikipita chini ya ukingo, barakoa ya kutupa haimkingi, iwe N95 au FFP3. Hata vinyweleo vya siku mbili tatu vinainua ukingo kuliko upana wa zile chembe. Huyo kijana usimgombeze mbele ya watu. Huenda anafuga kwa ajili ya dini yake, huenda ni mapenzi yake, na yote mawili ni haki yake. Mweleze kwa staha na umpe njia tatu. Anaweza kuzichonga zibaki sehemu ambazo ukingo hauzigusi. Anaweza kuhamia kwenye kazi ya maji, kule mwaloni wanakoosha unga kutafuta dhahabu, ambako hakuna unga mkavu. Au zipo kofia za kufunika kichwa chote zenye feni ya betri inayosukuma hewa iliyochujwa. Hizo hazihitaji kunyoa, lakini bei yake ni ya juu na zinahitaji umeme wa kuchaji. Kitu kimoja usikifanye: kumvisha barakoa juu ya ndevu ili akija mkaguzi aone kila mtu amevaa.

Swali la kufua. Hapana. Nyuzi za ndani ya barakoa hizi hazichuji kama chekeche. Ukizitazama kwa hadubini nafasi kati ya uzi na uzi ni kubwa kuliko chembe nyingi zinazokamatwa. Siri ni umeme. Chukua kitana cha plastiki, kisugue kwenye nywele kavu, kisogeze kwenye vipande vya karatasi, vitaruka vikashika. Nyuzi za barakoa zimepewa chaji ya namna hiyo kiwandani, na chembe inayopita karibu inavutwa ikagandishwa. Ukiifua kwa sabuni au kuipangusa kwa spiriti, chaji inakwenda. Barakoa itatoka nyeupe, itanukia vizuri, na haitachuja inavyotakiwa. Kuipiga piga ukutani kukung'uta nako kunarudisha vumbi puani mwako.

Ivaliwe zamu moja. Ibadilishwe mapema zaidi kama imelowa jasho chepechepe, kamba imelegea au kukatika, ndani imeingia uchafu, au kupumua kumekuwa kazi. Hilo la mwisho ndilo kipimo cha kweli cha karasha, kwa sababu barakoa iliyoshiba vumbi bado inachuja; shida ni kwamba hewa ikikosa njia mbele inatafuta njia pembeni. Wakati wa chakula iwekwe kwenye bahasha ya khaki yenye jina la mwenyewe, ndani ya chumba kisicho na vumbi. Nimeona zinatundikwa kwenye msumari juu ya karasha, mdomo ukitazama juu kama kibakuli, na baada ya chakula mtu anajivisha unga wote uliotua humo.

Na vumbi halipumziki wakati mtu anapopumzika. Katika zamu ya saa nane, aliyevaa barakoa ya namba 10 akiivua nusu saa tu ndani ya banda, iwe ni kuzungumza, kuvuta sigara au kupokea simu, kinga yake ya siku nzima inashuka kutoka 10 hadi kama 6. Mwenye FFP3 anashuka kutoka 20 hadi 9. Ndiyo maana chai inywewe nje, mbali, upande unakotoka upepo, na simu ipokelewe huko.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza lakini najua lipo. Barakoa hizi zote zinakamata chembe, hazikamati mvuke wala gesi. Mnapochoma ule mchanganyiko wa zebaki na dhahabu, mvuke wa zebaki unapita katikati ya FFP3 kana kwamba hujavaa kitu. Mtu aliyevaa barakoa mpya anainama karibu zaidi kwa kujiamini, na hapo umemdhuru. Vivyo hivyo moshi wa jenereta na hewa ya duarani baada ya kulipua. Moshi wa sumu haunusiki wote, na penye upungufu wa oksijeni barakoa haitengenezi oksijeni. Waambie vijana wote kwa sauti: hii ni ya vumbi la mawe tu.

Gharama ni yako mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakutaka uwapatie wafanyakazi vifaa vya kujikinga, kwa hiyo usikate kwenye posho zao wala kwenye mgawo wa viroba. Wapeleke pia wakapigwe picha ya kifua, hata wasiokohoa, na uwe na kumbukumbu ya nani amefanya kazi ipi kwa miaka mingapi. Silikosisi huja taratibu, mara nyingi baada ya miaka kumi au zaidi, ila kwa vumbi jingi sana huja mapema, na daktari wa wilaya asipojua historia ya kazi anaweza kumtibu mtu kifua kikuu mara mbili tatu bila kuona jiwe lililoko nyuma yake. Hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro imehudumia wachimbaji wengi wa Mererani. Waganga wako wakikwama, waombe wawasiliane nao.

Ukienda tena mjini usinunue boksi zima. Nunua tatu tatu za maumbo tofauti: moja ngumu ya duara, moja ya kukunjwa, moja ya saizi ndogo. Zilete, wajaribu wote kumi na wawili mbele ya kioo, andika nani imemkaa ipi, ndipo urudi ununue kwa orodha hiyo. Na kabla hujalipa, piga picha ya maandishi yaliyo juu ya barakoa yenyewe, si ya boksi, unitumie. Nitakujibu ukiwa bado umesimama dukani.